Je, Kintu alitoka sayari nyingine? Jibu kwa mama wa Busia

"Naishi Busia, upande wa Uganda. Sisi ni Waganda tuliohamia huku kwa biashara, na nina watoto wanne. Mkubwa yuko S5, kijana mwenye akili na anayependa kusoma. Tangu likizo iliyopita anatazama video zinazosema binadamu hakuumbwa na Mungu wala hakutokana na viumbe wa hapa duniani. Eti tulitengenezwa na Anunnaki, waliotoka sayari ya Nibiru kutafuta dhahabu, wakachanganya damu yao na ya nyani ili wapate watumwa wa machimboni. Anasema Wasumeri waliyaandika yote kwenye udongo. Sasa ameongeza kwamba hata Kintu wetu ni mmoja wao, ndiyo maana alioa binti wa mbinguni, na kwamba baba yake mdogo anayechimba dhahabu Tiira bado anaifanya kazi ile ile ya utumwa. Kanisani haendi tena. Babu yake, tunayekaa naye, amekasirika na hawasemeshani. Juzi nimegundua analipa shilingi 30,000 kila mwezi kwa kundi la WhatsApp linaloahidi maarifa ya siri. Mimi sikusoma sana, akinihoji nashindwa. Je, kuna ukweli wowote? Nimwambie nini?"

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na naona maswali mawili yamefungwa kamba moja. La kijana ni hili: watu tumetoka wapi, na vile vibao vya udongo vinasema nini hasa? Lako ni jingine: nifanyeje mwanangu asinipotee? Naanza na la kijana, maana ukiwa na jibu lake mkononi utaweza kukaa naye mezani bila woga.

Kwanza nikutoe hofu. Mtoto anayeuliza watu walitoka wapi hajapotoka. Nililiuliza swali hilo nikiwa na umri wake, na ndilo lililonipeleka Karamoja kuchimbua mifupa ya kale kwa miaka mingi. Kinachoniuma ni kwamba swali zuri kiasi hiki amepewa jibu bovu, tena la kulipia.

Anunnaki ni jina la kweli. Limo katika maandishi ya kale ya Mesopotamia, yaani Iraki ya leo, na linataja kundi la miungu wakubwa. Nibiru nalo ni neno la kweli: kwa wanajimu wa Babeli lilikuwa jina la nyota ya mungu Marduk, na mara nyingi walilitumia kwa sayari ya Mshtarii. Majina ndiyo ya kale. Habari ya sayari iliyojificha, ya dhahabu na ya kuchanganya damu ilianza kuchapishwa mwaka 1976 na mwandishi mmoja aliyeishi Marekani, Zecharia Sitchin, na video za kijana wako ni wajukuu wa vitabu vyake. Sitchin alisema Nibiru hulizunguka Jua mara moja kila miaka 3,600. Kama kijana anasoma fizikia, mwambie achukue kanuni ya tatu ya Kepler, inayounganisha muda wa sayari kulizunguka Jua na umbali wake, aifanye hesabu mwenyewe. Atakuta sayari ya namna hiyo ingekuwa, kwa wastani, mbali na Jua mara 235 kuliko sisi, na mwanga ambao ingeupata huko ni kama sehemu moja kwa 55,000 ya huu unaotuchoma Busia. Usimfanyie. Mwache aifanye kwa mkono wake.

Sasa twende kwenye udongo wenyewe, kwa sababu hapo ndipo nadhani kijana ameibiwa kitu kizuri kuliko alichouziwa.

Kisa kirefu kuliko vyote kuhusu kuumbwa kwa mtu huko Mesopotamia kinaitwa Atrahasis. Nakala iliyo bora zaidi iliandikwa katika karne ya 17 kabla ya Kristo, enzi za mfalme Ammi-saduqa wa Babeli, na mwandishi aliyeinakili ameacha jina lake: Ipiq-Aya. Haikuandikwa kwa Kisumeri. Iliandikwa kwa Kiakadi, lugha ya ukoo mmoja na Kiarabu na Kiebrania. Inaanza zamani zile ambapo miungu ndio waliokuwa wakifanya kazi kama watu. Miungu wadogo walichimba mifereji, wakachimba Hidekeli na Frati, wakabeba vikapu vya udongo mchana na usiku, mwaka juu ya mwaka. Wakachoka. Wakavitia moto vyombo vyao vya kazi, majembe na vikapu, kisha usiku wa manane wakaizingira nyumba ya bwana wao Enlil. Waligoma, dada yangu. Ndipo Enki, mungu wa hekima, akatoa shauri: achinjwe mungu mmoja, nyama na damu yake ichanganywe na udongo, na mkunga wa miungu afinyange kiumbe wa kuubeba ule mzigo. Mungu aliyechinjwa anaitwa We-ilu. Mtu kwa Kiakadi ni awilu. Litamke jina la kwanza halafu la pili, utasikia alichokuwa akikifanya mtunzi. Miungu wakautemea mate ule udongo, na mwezi wa kumi ulipotimia watu wakazaliwa.

Dhahabu iko wapi hapo? Haipo. Kuna jembe, kuna kikapu, kuna tope.

Na hilo tope ndilo ufunguo. Nchi ya Wasumeri na Wababeli ilikuwa tambarare kavu, mvua haba, mashamba ya shayiri yakinyweshwa kwa mifereji. Mito ile huja na udongo mwingi, na udongo huo hutulia mferejini mpaka maji yanakwama. Usipouzoa, unalala njaa. Kwa hiyo ikulu na mahekalu viliwaita watu kwenye kazi ya lazima, na kila mtu mzima aliujua uzito wa kikapu cha tope mgongoni. Watu hao hawakuwa na mgodi wa dhahabu wala mlima wa mawe. Dhahabu yao ilitoka mbali kwa biashara. Kitu walichokuwa nacho tele ni udongo: walijengea, walifinyangia, waliandikia. Walipokaa jioni wakajiuliza "sisi tulifanywa kwa nini na kwa kazi gani?", jibu lilitoka katika kitu walichokishika asubuhi hadi jioni. Na ile Abzu ambayo video zinasema ni machimbo ya kusini mwa Afrika, kwenye maandishi ni maji matamu yaliyo chini ya ardhi, makao ya Enki, na hekalu lake lilikuwa katika mji wa Eridu, kusini mwa Iraki.

Kijana atakuuliza: tutajuaje kwamba wataalamu wanasoma sawa, na kwamba hawafichi? Ni swali la haki. Mwaka 1857, maandishi ya kabari yalipokuwa bado yanazozaniwa, jumuiya moja ya wanazuoni huko London iliwapa watu wanne maandishi mapya ya mfalme Tiglath-Pileser wa Kwanza. Rawlinson, Hincks, Talbot na Oppert walitafsiri kila mmoja kivyake, wakaleta bahasha zilizofungwa kwa lakiri. Zilipofunguliwa, tafsiri zilikubaliana katika mambo ya msingi. Tangu hapo vibao vimesomwa mamia kwa maelfu, na wanaovisoma leo wamo pia Wairaki wenyewe, wenye nchi yao. Hakuna mlango uliofungwa. Chuo Kikuu cha Oxford kimeweka tafsiri za fasihi ya Kisumeri mtandaoni, na kuzisoma hulipii hata shilingi.

Kwa hiyo kila mara kijana anaposema "Wasumeri waliandika", muulize kwa upole: kibao gani? Kiko makumbusho gani? Mstari wa ngapi? Akitafuta kweli atakutana na mambo ambayo kundi lake halimwambii. Atakutana, kwa mfano, na kisa cha Kisumeri cha Enki na Ninmah. Baada ya kuumba watu, miungu hao wawili wanakunywa pombe kwenye karamu, na Ninmah anaanza kufinyanga watu wenye ulemavu kumjaribu mwenzake. Enki anampa kila mmoja riziki yake. Asiyeona anapewa uanamuziki na kuwekwa mbele ya mfalme. Nilipokisoma kisa hicho mara ya kwanza nilikiweka chini nikatoka nje kidogo. Miaka karibu elfu 4 iliyopita mtu alikaa akawaza kwa nini mtoto fulani alizaliwa haoni, akataka naye awe na mahali pake. Ukisema hiyo ni ripoti ya maabara, umemnyamazisha mtu huyo.

Sasa Kintu.

Babu anakijua kisa kuliko mimi, lakini wacha nikiguse kwa faida ya wasomaji wengine. Kintu aliishi peke yake na ng'ombe wake. Nambi, binti wa Ggulu mwenye mbingu, akashuka na ndugu zake, akampenda. Ggulu akamjaribu: ale chakula cha watu wengi mno, apasue mwamba kwa shoka la shaba, alete maji ya umande mtupu, amtambue ng'ombe wake kati ya makundi, na hapo nyuki akamsaidia. Akashinda, akaambiwa waondoke haraka, wasirudi nyuma. Nambi akasahau mtama mdogo wa kuku, yaani ulezi. Wakarudi kuuchukua, na Walumbe, ndugu wa Nambi, ambaye ni kifo chenyewe, akawafuata. Walumbe akaomba apewe mtoto wa kumpikia, Kintu akakataa, na watoto wakaanza kufa. Kayikuuzi akatumwa kumkamata, akashindwa, Walumbe akazama ardhini Ttanda. Mashimo yapo mpaka leo, wilaya ya Mityana.

Wapo wanaokichukua kisa hiki kama habari ya mtu wa kwanza, neno kwa neno. Wapo wanahistoria wanaomwona Kintu kama mfalme, au kumbukumbu ya wafalme, aliyeleta koo mbalimbali chini ya kiti kimoja, na ushahidi wao unatoka ndani ya mapokeo ya Buganda yenyewe. Kuna koo zinazoitwa banansangwa, maana yake "waliokutwa". Fumbe, wa fungo, na Lugave, wa kakakuona, wanahesabiwa humo. Kuna pia kisa cha Bemba, mfalme nyoka, aliyetawala kabla Kintu hajamshinda, na Naggalabi, Buddo, ndipo Makabaka, wafalme wa Buganda, wanapotawazwa hadi leo. Kama Kintu alikuta watu, basi wazee wa Buganda walikuwa na visa viwili vya Kintu kabla ya mgeni yeyote kuja kuwaeleza: mmoja wa mwanzo wa mtu, mwingine wa mwanzo wa ufalme. Apolo Kaggwa, waziri mkuu wa Buganda, alipochapisha historia ya wafalme mwaka 1901 tayari alikuwa na kazi ya kuyapanga mapokeo mengi. Lisikilize na jina lenyewe kwa sikio la Kiswahili: kintu, muntu, kitu, mtu. Mzizi ni mmoja, wa nyumbani kabisa. Huhitaji sayari nyingine kulieleza.

Na mbinguni kwa Ggulu je? Hapa naomba kijana asome visa hivi viwili pamoja, Atrahasis na Kintu, kwa sababu vinakutana mahali ambapo video haziangalii. Atrahasis inaishia wapi? Baada ya gharika, miungu wanapanga kwamba wanawake wengine hawatazaa, na kwamba kutakuwa na pepo anayenyakua mtoto mapajani mwa mamake. Kintu kinaishia wapi? Kwa Walumbe anayechukua watoto. Watu wawili waliotengana kwa maelfu ya kilomita na maelfu ya miaka walikuwa wanazika watoto wachanga, wakauliza kwa nini. Buganda wakajibu kwa neno ambalo babu amelisikia kwenye misiba mingi: watoto wa Kintu hawatakwisha. Tukimgeuza Nambi kuwa rubani, neno hilo linabaki bila mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme waziwazi. Kijana akikuambia kwamba Wazungu walitudanganya kuhusu asili yetu, usimpinge, maana ni kweli walifanya hivyo. Mwaka 1863 John Speke, aliyepita hapa kwetu akitafuta chanzo cha Naili, aliandika kwamba tawala za nchi hizi za maziwa zililetwa na watu wa kabila jingine kutoka kaskazini, uzao uliotoka upande wa Uhabeshi. Hakuamini kwamba Mwafrika wa hapa angeweza kujenga dola. Dhana hiyo ikafundishwa kwa miongo mingi, na nchi jirani imeilipia kwa damu. Bachwezi, watawala wa kale wanaotajwa katika mapokeo yetu, wakafanywa wageni. Lakini mwaka 1960 mwanaakiolojia Merrick Posnansky alipochimbua Bigo bya Mugenyi, ngome ambayo mapokeo husema ni yao, kando ya mto Katonga, kwenye mitaro inayozidi kilomita 10 kwa jumla, kilichotoka ni vigae vya hapa hapa na mifupa ya ng'ombe. Huko Uingereza nako, mwaka 1912 walitangaza fuvu la Piltdown kuwa la mtu wa kale, na kwa sababu walitaka mtu wa kwanza awe Mwingereza, walilikumbatia. Fuvu la kweli la Taung kutoka Afrika Kusini, alilolitangaza Raymond Dart mwaka 1925, wakalipuuza. Piltdown ilifichuliwa mwaka 1953 kuwa ya kughushi: fuvu la mtu limeunganishwa na taya la nyani mkubwa. Waliofichua ni wanasayansi wenyewe.

Sasa angalia habari ya Anunnaki. Inasema Mwafrika aliumbwa mtumwa wa kuchimba dhahabu ya bwana. Ni Speke yule yule kavaa koti jipya: kila kizuri kililetwa na wengine, sisi tulikuwa mikono tu. Inaniuma kuona vijana wetu wakiinunua kwa imani kwamba wanajikomboa. Na baba mdogo pale Tiira anatafuta ada za watoto. Kama kuna kitu cha kumwonea huruma pale ni zebaki anayoikanda kwa mikono mitupu na kuichoma kwenye kikaango. Hilo ndilo la kuongea naye, na haraka.

Basi mifupa inasema nini? Nikupeleke Napak, Karamoja, mlima uliokuwa volkano. Tunachimba asubuhi kabla jua halijakaza, tunachekecha vumbi kwa chekecheke, kisha tunakaa chini kuchambua vipande kimoja kimoja. Kipande kidogo ukishindwa kujua ni jiwe au mfupa, unakigusisha ulimi. Jiwe linateleza. Mfupa wa kale una vitundu vidogo, unanata. Vijana wa Kikarimojong niliofanya nao kazi walikuwa na macho makali kuliko yangu. Mmoja aliinua jino dogo la rangi ya kahawa kutoka kwenye kokoto ambazo mimi nilikuwa nimeshazipita mara mbili. Mwaka 2011 mlima huo ulitoa fuvu la nyani mkubwa wa kale wa miaka kama milioni 20. Moroto nako kumetoka taya la juu na mifupa ya mwingine, wa miaka kama milioni 21, aliyepewa jina Morotopithecus mwaka 1997.

Umri unajulikana hivi. Majivu na lava za volkano zina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi iitwayo agoni. Lava ikiwa bado moto, gesi inatoroka. Ikipoa, gesi inayozaliwa inanaswa ndani. Ni kama mtungi chini ya paa linalovuja kwa kasi unayoijua: mtungi ulikuwa mtupu siku ulipowekwa, ukipima maji unajua umekaa muda gani. Kasi hiyo inajulikana: nusu ya sehemu hiyo ndogo ya potasiamu hugeuka katika miaka bilioni 1.25. Mifupa ikiwa kati ya tabaka mbili za majivu, umri wake uko kati ya umri wa tabaka hizo.

Hao wa Napak na Moroto si watu, wala si babu zetu wa moja kwa moja kwa kadiri ninavyoweza kukuapia. Ni wa ukoo mpana ambamo sisi na sokwe tumetoka. Na hapa turekebishe kosa ambalo babu na kijana wanalo wote wawili: hakuna mtaalamu anayesema mtu alizaliwa na nyani wa msituni. Sokwe wa Kibale na Budongo ni binamu yetu. Ukiwa na binamu hulazimiki kusema alikuzaa. Mna babu mmoja, basi, na babu huyo si yeye wala wewe. Matawi hayo mawili yaliachana miaka milioni 6 au 7 hivi iliyopita.

Video zinasema mtu alitokea ghafla miaka 300,000 iliyopita, kwa hiyo lazima kuna aliyemtengeneza. Tangu zamani mno watu wamo njiani, hatua kwa hatua. Nyayo za Laetoli, Tanzania, za watembea kwa miguu miwili, zina miaka milioni 3.66. Kijana wa Turkana, mifupa ya mvulana wa kale wa Kenya, ambaye Mkenya Kamoya Kimeu ndiye aliyeuona mfupa wake wa kwanza mwaka 1984, ana miaka kama milioni 1.5, na mwili wake ukiutazama toka shingoni kwenda chini unafanana sana na wetu. Mafuvu ya Jebel Irhoud, Moroko, ya miaka kama 300,000, yana uso kama wangu na wako lakini kisogo kirefu ambacho bado hakijawa cha kwetu. Omo, Ethiopia, kuna mwingine wa miaka zaidi ya 200,000 ambaye kisogo kimeshakuwa mviringo. Kitu kilichotokea ghafla hakiachi nyayo za kati namna hii. Na hapa kwetu, Sango Bay kwenye Ziwa Viktoria, zana za mawe alizozikuta E. J. Wayland mwaka 1920 zimelipa jina aina nzima ya zana za Afrika. Jina Sango limo vitabuni duniani kote, na watoto wetu hawalijui.

Ataleta na jeni. Atasema kuna jeni 223 za kigeni kwetu. Namba hiyo ilitajwa mwaka 2001 kama dhana ya jeni zilizotoka kwa bakteria, na mwaka ule ule wengine walipozipima upya zikashuka hadi karibu 40, nazo zina maelezo mengine. Atasema binadamu ana kromosomu 46 na sokwe 48, hivyo mtu alizikata. Hazikukatwa, mbili ziliungana, na alama za maungio bado zinaonekana katikati ya kromosomu yetu ya pili. Mambo hayo hutokea porini bila daktari: farasi ana 64, punda ana 62.

Kuhusu kanisa sitakuamulia. Mimi naswali Ijumaa, wenzangu wengi niliochimba nao wanasali Jumapili, na hatujawahi kugombana shimoni. Lakini nieleze hoja moja, maana najua ataileta: kwamba neno la Kiebrania Elohim lina umbo la wingi, kwa hiyo walioumba ni wengi. Umbo ni la wingi kweli. Ila kitenzi cha kwanza cha Mwanzo, bara, ni cha mmoja. Fungua Biblia yako ya Kiswahili: "Mungu aliziumba", si "waliziumba". Watafsiri hawakuficha kitu. Waumini wengine huisoma sura hiyo kama siku saba za saa ishirini na nne, wengine kama mafundisho juu ya nani aliumba na kwa nini, huku mifupa ikieleza namna na muda. Azungumze na mchungaji asiyeogopa maswali. Wapo.

Sasa lako, dada. Usimnyang'anye simu na usimcheke. Akishindwa mbele ya watu atalishika zaidi lile kundi, kwa sababu huko ndiko anakoheshimiwa. Kaa naye, mwambie akufundishe, na uliza yale maswali matatu ya kibao, makumbusho na mstari. Pesa ikome, hilo ni amri ya mzazi, na mweleze sababu: maarifa ya kweli ya Wasumeri ni bure, anayeyauza kila mwezi anauza kitu kingine. Tazama pia kama wanamwomba picha, namba ya kitambulisho, au wanamkataza kusema na nyumbani. Ukiona hivyo, usingoje, nenda polisi mkiwa pamoja.

Tena kuna dalili ambazo si za hoja. Kama halali usiku kucha kwa siku nyingi, kama anasikia sauti, kama anaamini Anunnaki wanamfuata yeye binafsi, kama ameacha kula, kuoga na kusoma, au anazungumza juu ya kufa, acha mabishano ya vibao. Mpeleke kituo cha afya, na mwombe rufaa ya hospitali ya mkoa yenye kitengo cha afya ya akili. Hizo ni dalili za ugonjwa kama malaria ilivyo na dalili zake, zinatibika, na mapema ni bora. Kwa ulivyoniandikia sizioni kwake. Naona kijana mwenye njaa ya kujua.

Likizo ijayo mlete Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira, Kampala. Kuna zana za mawe, kuna mifupa ya kale, na kuna watu wa kumjibu uso kwa uso. Aje na daftari lenye ile hesabu ya Kepler. Na mchukue babu pia. Waketi kiti kimoja kwenye basi, na umwombe babu amsimulie Kintu toka mwanzo, kijana asikatize. Akianza mnapotoka Busia, atakuwa amefika Ttanda kabla hamjavuka daraja la Jinja.